Nina 700,000 na nataka kununua PS4. Gemu zina thamani ya hela yake kweli?

KaraniWaMwaloni

Habari za jioni wakuu.

Mimi ni karani wa dagaa hapa soko la Mwaloni, Kirumba, Mwanza. Nahesabu magunia yanayoshuka kutoka visiwani, naandika nani kaleta, nani kapakia, nani anadaiwa. Wanaoijua kazi hii wanajua ina kalenda yake. Mwezi ukipevuka dagaa hawavuliwi. Taa za wavuvi zinashindwa na mbalamwezi, dagaa hawakusanyiki, mitumbwi inalala ufukweni karibu siku kumi. Siku hizo natoka kazini saa sita mchana, au siendi kabisa.

Na siku hizo ndizo zinazonimaliza. Nina miaka 27, naishi Pasiansi chumba na sebule pamoja na mdogo wangu wa kidato cha tatu. Siku za mbalamwezi nilikuwa nakaa baa. Mwezi Machi niliamua kuandika kila shilingi, maana kuandika ndiyo kazi yangu: siku tisa, 84,000. Sikuwa nimemnunulia mtu yeyote chochote cha maana.

Sasa nimeacha, na nimeweka akiba 700,000. Kuna jamaa anauza PS4 Slim, mashine ya kuchezea gemu kwenye TV, iliyotumika, kwa 600,000, ina pedi mbili za kushika mkononi, haina gemu hata moja. Kaka yangu mkubwa wa Sengerema alivuka daraja la Busisi Jumapili kuja kunisalimia, nikamwambia. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Hela hiyo ni mabati. Bati likishapigiliwa halitolewi toleo jipya mwaka ujao." Nikakosa jibu.

Nimeangalia bei za nje: gemu kubwa mpya sasa ni dola 70. Hata ukipiga dola kwa 2,500 tu, hiyo ni 175,000 kwa diski moja. Ni hela inayonitoa jasho.

Kwa hiyo nauliza watu wanaocheza na waliowahi kucheza: thamani ya gemu mnaipimaje? Kwa saa? Kwa kitu gani? Naombeni msiniambie "kila mtu na starehe yake". Nataka hesabu.

---

JiweLaBismarck

Mkuu, mimi nilinunua, iko juu ya kabati tangu mwaka juzi. Si kwamba gemu ni mbaya. Nafunga duka saa tatu usiku, nikifika nyumbani nataka kula na kulala. Gemu inataka muda uliolala, na mimi sina. Wewe una siku kumi kila mwezi, hali yako ni tofauti na yangu. Lakini kama kiwanja kipo na kuta zimesimama, msikilize kaka yako.

---

MamaBanda

Mwanangu, mwangaluka. Umeomba hesabu, nitakupa.

Nina banda la gemu Mabatini tangu 2012. Nilianza na PS2 mbili na TV za chogo, mechi shilingi 100. Leo nina PS4 tatu na mechi ni 500. Mimi mwenyewe sichezi, nilikuwa fundi cherehani na cherehani yangu bado iko pale pale mlangoni. Lakini nimekaa nyuma ya migongo ya wachezaji miaka yote hiyo, na daftari ninalo.

Jambo la kwanza, bei ya diski si ile uliyolipa. Bei yake ni uliyolipa ukitoa utakayouzia. Mwaka 2020 kijana wangu alivunjika mguu kwenye bodaboda, akawekewa plasta, akakaa ndani. Nikamtafutia God of War, ile ya 2018, iliyotumika, kwa 70,000. Alicheza wiki tatu, mguu juu ya stuli. Alipoimaliza akaiuza kwa 55,000 kwa kijana wa Igoma. Kwa hiyo gemu ile ilitugharimu 15,000. Wiki tatu nzima za mtoto aliyekuwa analia usiku kwa maumivu, kwa 15,000. Hata dawa zake zilizidi hapo.

Na nikueleze nilichokiona, kwa sababu ndipo nilipoelewa kwamba kuna thamani ambayo saa hazipimi. Ndani ya gemu ile kuna ziwa kubwa, wanalivuka kwa mtumbwi, baba na mwanawe, na njiani wanasimuliana hadithi. Ukifunga mtumbwi ukashuka, hadithi inakatika. Kijana wangu akawa hashuki. Anafika ufukweni, anageuza mtumbwi, anapiga kasia kuzunguka tena na tena mpaka hadithi iishe. Mimi nashona, yeye ananitafsiria. Kuna siku niliacha sindano ndani ya kitambaa nikasogeza kiti. Mtoto wa Mwanza, amekua akiangalia ziwa, anazungusha mtumbwi wa kwenye TV kwa saa nzima ili mzee amalize kusimulia. Hiyo niiandike kwenye safu gani ya daftari?

Kwa hiyo wakikuambia gemu hii ina saa mia, usikimbilie kuinunua. Nilishawahi kununua moja kwa sababu muuzaji aliisifia kwa urefu. Zilikuwa saa mia za kutumwa: kachukue hiki, peleka kule, rudi. Hakuna aliyeimaliza, si bandani wala nyumbani, na nilipotaka kuiuza hakuna aliyeitaka. Gemu fupi ambayo mtu analala akiiwaza ni rahisi kuliko ndefu inayochezwa kwa kuburuzwa.

Jambo la pili ni gemu ya mpira, maana najua ndiyo utakayoinunua kwanza. Kuanzia FIFA 17 mpaka FIFA 21 nilinunua kila mwaka, mpya, 130,000 kila moja. Kwangu ililipa: mashine moja ilikuwa inapiga mechi kama 30 kwa siku, mechi ilikuwa 300, hiyo ni 9,000, siku 15 diski imerudi. Wewe huna banda, haitakurudia hivyo. Na hata mimi niliacha, nikueleze kwa nini.

Kwenye FIFA 20, Mtanzania mwenzetu Samatta yuko Genk, timu ya Ubelgiji. Alihamia Aston Villa Januari 2020, diski ilikuwa imeshatoka. Vijana wa hapa, wengine hawajui Ubelgiji iko upande gani, walikuwa wanaichagua Genk mbele ya Barcelona, na atakayewahi pedi ndiye anaichukua. Mashine yangu moja haijawahi kuunganishwa na intaneti, kwa hiyo humo ndani Samatta bado ni wa Genk mpaka leo. Nilipoleta toleo lililofuata, wiki ya pili wakaanza: "Mama, turudishie ile." Nikaona nanunua majina ya wachezaji tu. Hata jina la FIFA lenyewe limeondoka: lilidumu miaka 30, tangu 1993 mpaka FIFA 23, sasa inaitwa EA Sports FC, na waliokuwa wanacheza wanaendelea kucheza vilevile. Nunua ya mwaka uliopita, siku toleo jipya linapoingia mjini. Bei ya ile ya zamani inaporomoka siku hiyo hiyo.

Jambo la tatu, na hili ndilo kubwa kwangu: angalia nani atakaa kiti cha pembeni. Wateja wangu wanaokuja wawili wawili wanakaa mpaka nawafukuza nifunge. Anayekuja peke yake akacheza na mashine anaondoka baada ya mechi mbili. Wewe una mdogo wako nyumbani. Pedi ya pili ina kazi, usikubali ukauziwa mashine yenye pedi moja ukaambiwa nyingine utanunua baadaye. Ila na yeye ana mitihani, kwa hiyo pedi ziingie kabatini Jumapili jioni, na wewe ndiye ushike ufunguo.

Sasa gharama ambazo hazijaandikwa kwenye boksi. Umeme si tishio: PS4 Slim na TV ya inchi 32 ukizichezea saa sita hivi ndiyo uniti moja inaisha. Tishio ni pedi. Stiki ya kushoto, ile ya kukimbilia, inalika ule mpira wa juu mpaka plastiki inaonekana, halafu inaanza kujivuta yenyewe: umeachia, mchezaji anaendelea kutembea. Hata iliyotumika ni hela. Na tishio jingine ni la huku kwetu, wale vijidudu vya ziwani wanaokuja kama moshi. Wanafuata mwanga wa TV, wanafyonzwa na feni, wanakufa humo ndani wanakuwa kama pamba iliyoloa. Mashine inapata joto, inajizima. Mimi nikiona wingu limeinuka ziwani nazima zote tatu na kufunika kanga, hata kama wateja wapo. Fundi anifungulie kusafisha kila baada ya miezi minne.

Kabla hujatoa hela: iwashe iende nusu saa usikie feni, isipige kelele kama kibajaji. Ingiza diski, itoe, ingiza tena, maana sehemu ya diski ndiyo inayokufa kimyakimya. Tikisa waya wa picha uone kama TV inakatika. Weka pedi mezani bila kuigusa uone kama mchezaji anatembea.

La kaka yako. Bati ni bati, na kama nyumba yako imesimama inasubiri paa, nunua mabati, mimi mwenyewe nitakupongeza. Lakini kaka yako analinganisha PS4 na mabati, wakati daftari lako la Machi linailinganisha na baa. Mara saba 84,000 ni 588,000. Miezi saba ya mbalamwezi ni karibu bei ya mashine hiyo. Ikikubakiza nyumbani, imejilipa kabla ya mwaka. Isipokubakiza, ukawa unacheza mchana na jioni unatoka, basi umenunua gharama mbili. Hilo unalijua wewe, mimi siwezi kukupigia hesabu.

---

KaraniWaMwaloni

Mama, shikamoo. Nimeisoma kwa sauti mdogo wangu akisikia, na la ufunguo wa kabati hakulipenda. Kiwanja ninacho Kisesa lakini hakina hata tofali, kwa hiyo mabati yangekaa uani kwa mtu. La baa nimelielewa na nitalijibu kwa vitendo.

Kuna kitu kimebadilika. Muuzaji amenipigia, anasema nikiongeza 80,000 ananipa mashine ikiwa na akaunti yake yenye gemu 12 ndani, nisihangaike na diski. Gemu 12 kwa 80,000 si hata 7,000 kwa moja? Kwa hesabu hii diski imeshapigwa.

---

MwalimuNansio

Usikubali, ndugu yangu. Niko Ukerewe, nilishanunua akaunti ya namna hiyo kwa mtu mmoja Mwanza. Miezi miwili baadaye nikawasha, inadai neno la siri, na neno limebadilishwa. Simu yake haipatikani. Gemu zote zina kufuli, nabonyeza hazifunguki.

Akaunti haikuwa yangu, na ukweli ni kwamba hata yake ilikuwa ya kuunga. Tanzania haimo kwenye orodha ya nchi za kufungulia akaunti ya PlayStation, kwa hiyo wengi wetu tunajiandikisha kama tuko Marekani au Afrika Kusini na kulipia kwa kadi za kukwangua zinazouzwa mtandaoni. Likitokea tatizo utamlilia nani?

Na hata ukinunua kihalali, gemu ya kupakua huimiliki kama diski. Unapewa ruhusa ya kuitumia. California wametunga sheria, imeanza Januari 2025, inayowalazimisha wauzaji kumwambia mnunuzi wazi kwamba anachonunua ni leseni. Ile hesabu ya mama ya kununua 70,000 na kuuza 55,000 haipo huko. Ukilipa umelipa, huwezi kumpa hata mdogo wako akauze. Halafu kuna bando. Gemu kubwa siku hizi zinavuka GB 50, nyingine zinapita GB 100. Mimi huku kisiwani nikitaka kupakua moja ningesubiri mpaka dagaa wote wakauke. Naagiza diski inakuja na meli.

Ila na diski nayo uiulize swali moja: inachezeka bila intaneti? Kulikuwa na gemu ya magari ya Ubisoft, The Crew, ilitoka 2014. Tarehe 31 Machi 2024 wakazima seva zake, yaani kompyuta za kampuni ambazo gemu inaziongelesha kupitia intaneti. Hata waliokuwa na diski mkononi hawakuweza kuendesha gari tena, kwa sababu gemu nzima ilikuwa lazima iongee na seva. Mtu ana diski safi, haina mkwaruzo, na haina kazi. Mimi sasa nanunua zile tu zinazochezwa nikiwa nimechomoa intaneti.

---

FundiMakoroboi

Naongezea upande wa simu, maana hamjaugusa. Ninatengeneza simu Makoroboi. Wazazi wanaoniletea simu za watoto wakilalamika hela zimeisha, karibu wote ni gemu za bure. Gemu ya mpira unaipakua bila kulipa, halafu unauziwa sarafu za kufungulia wachezaji, na hujui utampata nani mpaka ulipe. Mpwa wangu mwenyewe tulipofungua ujumbe wa miamala tukajumlisha, miezi mitatu, 96,000. Elfu mbili, elfu tatu, elfu tatu. Hana diski, hana pedi, hana cha kuuza. Kwa hela hiyo Karani angenunua diski iliyotumika na chenji ikabaki.

Mdogo wako akikuambia mashine ya nini wakati kwenye simu ni bure, muombe akuonyeshe ujumbe wa miamala.

---

KaraniWaMwaloni

Wakuu, narudi na taarifa.

Akaunti nimeikataa. Jana nilikwenda Buzuruga kwa muuzaji na maagizo ya Mama nimeyaandika kwenye kikaratasi. Nusu saa ya kwanza feni ilikuwa kimya. Diski iliingia na kutoka mara tatu. Pedi moja niliiweka mezani bila kuigusa, mchezaji akaanza kutembea taratibu kuelekea kibendera cha kona. Muuzaji akasema ni mazoea tu ya mashine. Nikamwambia hapana, hiyo ni stiki. Tulibishana kidogo, akashusha mpaka 560,000, na stiki nitabadilisha kwa fundi.

Kwenye diski nimechukua mbili. EA Sports FC 24 kwa 60,000, na ile ya mtumbwi aliyoisema Mama, 65,000. Jumla 685,000. Iliyobaki, 15,000, imeingia kwenye LUKU.

Kaka nimempigia simu. Hajafurahi, lakini nilipomwambia habari ya 84,000 za Machi alikaa kimya muda mrefu, kisha akauliza kama hiyo FC ina Manchester United. Anasema atakuja wikiendi ya mbalamwezi.

Mama, kanga ya kufunikia nimeitafuta, iko kwenye msumari nyuma ya TV. Wabeja sana.

---

MwalimuNansio

Hongera sana. Hiyo God of War ukiimaliza usimpe mtu mwingine. Shule zikifunga nakuja Mwanza na meli ya asubuhi, naichukua kwa 50,000 taslimu.

---

KaraniWaMwaloni

55,000, mwalimu. Na uje baada ya giza la pili, bado nazunguka ziwani, hadithi haijaisha.